Kibanzi Cheusi na Mahali Jina Linapokomea

Kibanzi chenyewe hakizidi punje ya mchele. Kimetolewa kwa ncha ya kisu chini ya kitako cha kinyago, pale macho ya mnunuzi yasipofika, na kinyago hicho ni kimoja tu katika shehena ya makasha yaliyoandikwa neno moja: mpingo. Kwa lenzi ya mkononi ya mara 10, kibanzi ni cheusi tii.

Kipasue kwa wembe mpya.

Kama ndani ni kahawia iliyopauka na weusi umeishia juu, umejaa kwenye vitundu vya karibu na uso na kuacha vya ndani vitupu, hiyo ni dawa ya viatu iliyopakwa juu ya mti mwingine. Kazi imekwisha, na wembe umetosha. Hiki hakiko hivyo. Ndani ni cheusi chenye zambarau kwa mbali, na vitundu vimejaa gamu nyeusi mpaka havitofautiani na kuta zake. Ni mti mweusi kweli.

Mti gani?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ugumu wake haunisumbui sana; maabara yenye vifaa vya kadiri hulijibu kwa siku chache. Kinachonisumbua ni ripoti. Mara nyingi jina linaloandikwa kwenye karatasi ni refu kuliko ushahidi ulioonekana chini ya hadubini, na karatasi hiyo ndiyo itakayozuia kontena au kulifungulia lango, itakayomtia mtu hatiani au kumwachia huru.

## Kabla ya maji ya moto

Kosa kubwa kuliko yote hutokea kabla hadubini haijawashwa.

Mpingo ni mzito. Hufika gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo na huzama majini. Anayetaka kuukata vipande vyembamba hukimbilia kuuchemsha ulainike. Lakini maji ya moto yanapolainisha, yanachomoa pia rangi, gamu na kemikali za moyo wa mti, na hizo nazo ni ushahidi. Kibanzi kikichemshwa chote, hakibaki cha kupeleka kwenye kipimo cha kemia hata ukikihitaji kesho yake.

Kwa hiyo kibanzi kigawanywe kwanza. Nusu ikae kavu ndani ya bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, na unyevu huleta ukungu. Kama kisu kilichotumika ndicho kilichokata sampuli ya jana, futa makali kwa spiriti. Unga wa mninga ulionasa kwenye kisu umeshawahi kuonekana chini ya lenzi ukidhaniwa kuwa sehemu ya mti mwingine.

Kwenye ile nusu kavu kuna kipimo kimoja cha bei ndogo kinachofaa kufanywa mapema. Kwangua vinyoya vichache, vitie kwenye mrija wa kioo wenye maji safi, subiri dakika kadhaa, kisha mulika gizani kwa taa ya urujuanimno ya nanometa 365. Maji yakiwaka buluu, fikiria mninga na ndugu zake wa jenasi Pterocarpus, ambao wengi wana sifa hiyo. Ni dalili tu. Mti uliolowa mvua miaka mingi unaweza kuwa umeshapoteza dawa hiyo, kwa hiyo maji yasipowaka hujakanusha kitu.

Ile nusu ya pili ndiyo ya kulainisha. Maji na gliserini, nusu kwa nusu, moto mdogo, mpaka kibanzi kizame chenyewe na hewa iishe kwenye mirija inayopitisha maji ndani ya mti. Kwa mti wa kawaida saa chache zinatosha. Mti mweusi unaweza kukaa siku mbili na bado ukavunja makali ya kisu. Hapo watu wa maabara hutumia ethilini-diamini ya asilimia 4, nyuzi joto 60, kwa siku mbili hadi tatu, ndani ya kabati la kuvuta hewa kwa sababu mvuke wake ni sumu, kisha kusuuza kwa maji mara nyingi. Ukizidisha siku, seli huanza kuachana na kuta hufura. Vipimo utakavyochukua baada ya hapo havitakuwa vya mti ule tena.

Halafu kuna tatizo la kukishika. Huwezi kukibana kibanzi cha milimita tatu kwenye mashine ya kukatia. Wengi hukibandika kwa supaglu, na supaglu hukimbia ndani ya mirija ikaonekana kama gamu ya asili. Afadhali PEG 1500, aina ya nta inayoyeyuka katika maji ya vuguvugu: inashika, na baadaye inaondoka yote.

## Nyuso tatu

Mti una nyuso tatu, na hakuna hata mmoja unaotosha peke yake.

Uso wa kichwa ndio ule unaouona ukikata gogo kwa kulikingamisha: vitundu vya mirija, nyuzi, na miale inayotoka katikati kwenda kwenye gome. Uso wa mwale hupatikana ukipasua kufuata miale hiyo, kama anayepasua kuni. Uso wa mgongo ni ule unaotazamana na gome, na huko miale huonekana kwa ncha zake, kama macho membamba yaliyosimama.

Kwenye ubao mzima hili ni jambo la sekunde moja. Kwenye kibanzi cheusi kisicho na gome wala duara la mwaka, nusu saa inaweza kwenda kutafuta tu uelekeo. Njia ni kusawazisha uso wa kichwa kwanza, kutafuta miale chini ya hadubini ndogo ya mara 40 na taa ya pembeni, kisha kugeuza kibanzi mpaka miale isimame wima. Ukikosea kwa nyuzi 15 tu, safu zilizopangika zitaonekana zimepinda na mwale wenye upana wa seli moja utaonekana kama wa seli mbili. Makosa mengi ninayoyaona kwenye picha za kitambulisho cha mbao yanatoka hapa. Lenzi ni nzuri, kamera ni nzuri, uso umekatwa mshazari.

Vipande vikatwe kwa unene wa mikrometa 15 hadi 20, yaani kama robo ya unene wa unywele. Kisu kikae kimelowa gliserini. Kipande kikijikunja, kifungue kwa brashi laini ndani ya maji, usitumie sindano. Na kama mikrotomu, mashine ya kukatia vipande hivyo, haipo, wembe wa mkono utafanya: si lazima kipande kizima kiwe chembamba, ukingo mmoja uliochongoka unatosha kusoma.

Weusi wenyewe huziba mwanga. Loweka kipande kwenye dawa ya kufulia yenye klorini kwa dakika mbili hadi tano, ukikitazama muda wote, mpaka kiwe kahawia. Kisha suuza vizuri na utie rangi ya safranini ya asilimia 1. Ukigeuka kujibu simu, kipande kitakuwa kimeyeyuka.

## Safu kama za matofali

Sasa mti unaanza kusema.

Mweusi wa Afrika Mashariki unaopiganiwa jina hili huangukia kwenye makundi mawili. Upande mmoja ni Dalbergia melanoxylon, mpingo wenyewe, wa jamii ya kunde. Upande wa pili ni Diospyros, ile jenasi yenye miti meusi ambayo Wazungu huiita ebony, na ambayo haina undugu wa karibu na mpingo hata kidogo. Sokoni wote ni weusi, wote wazito, wote hung'aa ukiwapiga msasa.

Kwenye uso wa mgongo tofauti hujitokeza. Miale ya mpingo ni mifupi, mara nyingi chini ya robo milimita, na imejipanga kwa safu moja juu ya nyingine kama kozi za matofali. Miale ya Diospyros kwa kawaida imetawanyika, mingine mirefu mingine mifupi, kama mvua ya rasharasha kwenye dirisha. Geuza uso wa mwale: kwenye Diospyros utakuta seli zilizosimama wima kwenye miale pamoja na zilizolala, na fuwele za kalsiamu mara nyingi zimo humohumo ndani ya miale. Kwenye mpingo fuwele hukaa kwenye minyororo ya seli za parenkima, zile seli laini za akiba, zinazopanda na mti, kila fuwele kwenye chumba chake. Weka vichujio viwili vya polaroidi, zungusha kimoja, fuwele zitawaka katika giza kama taa za ngalawa usiku.

Mtu anayeona safu za matofali huandika Dalbergia na kufunga faili.

Nami naamini hapo ndipo mashaka yanapostahili kuanza. Kuna Diospyros moja ya Marekani, Diospyros virginiana, ambayo miale yake nayo imepangwa kwa safu. Haioti kwetu, lakini kibanzi hakina pasipoti. Na safu zenyewe hufifia kwenye mti mchanga, kwenye tawi, na karibu na fundo. Sifa moja, hata ikiwa nzuri namna gani, haibebi jina.

## Ndani ya kishimo

Hapa ndipo hadubini ya elektroni, inayopiga picha kwa elektroni badala ya mwanga, inapolipa gharama yake.

Mirija jirani huwasiliana kwa vishimo kwenye kuta zake. Kwenye Diospyros ni vidogo sana, chini ya mikrometa 4, na mdomo wake ni msafi. Kwenye Dalbergia, kama ilivyo kwa wengi wa jamii ya kunde, mdomo wa kishimo umeota vinyuzi na vijichunusi vidogo mno vya ukuta wenyewe, vinavyoukaribia kuuziba kama matumbawe kwenye mlango wa pango. Irving Bailey, mtaalamu wa anatomia ya mbao, alivieleza vishimo hivi mwaka 1933 akiwa na hadubini ya mwanga peke yake, na kwa hadubini hiyo, hata kwa lenzi ya mafuta ya mara 100, unachokiona ni madoadoa. Mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyo karibu kuliko mikrometa 0.2 hivi, na matumbawe yale yako kwenye ukingo huohuo.

Bailey alitoa pia onyo ambalo watu wanalisahau: gamu iliyokauka juu ya kishimo huweza kufanana na vijichunusi vya kweli. Kwenye mti uliojaa gamu kama huu, onyo hilo ndilo kila kitu.

Kwa hiyo safisha kwanza. Chukua kipande kilichopasuliwa, siyo kilichokatwa, maana kisu hupaka uchafu wa kuta juu ya vishimo na kuvifuta. Loweka kwenye dawa ya klorini kwa dakika chache, suuza kwa maji mara tatu, pitisha kwenye spiriti ya asilimia 50, 70, 96 na kisha halisi, kausha juu ya silika jeli usiku kucha. Kibandike kwenye kisahani kwa utepe wa kaboni, uso unaoutaka ukitazama juu, na paka dhahabu ya nanometa 10 hadi 15. Ukipaka nene, utakachokipiga picha ni dhahabu. Vijichunusi vitakuwa vimevaa koti na kuwa mviringo.

Anza na kilovolti 10. Picha ikipiga miale myeupe na kuyumba, umeme unajikusanya kwenye sampuli: utepe haujashika vizuri, au upande mmoja haukupakwa, au mti haujakauka. Wengi hupandisha umeme wakidhani picha itatulia, kumbe wanaunguza ukuta wa seli. Teremsha hadi 5, au tumia hali ya ombwe dogo kama mashine inayo. Huko hata dhahabu si lazima.

Usitafute kishimo kimoja kizuri. Tazama mirija kadhaa, sehemu zilizosafishika na zisizosafishika. Vijichunusi vya kweli vinafanana kishimo hadi kishimo na vimeshikana na ukuta. Gamu iko hapa nyingi, pale hamna.

Kwenye kibanzi chetu vipo. Vyote, kila mrija.

Ni Dalbergia. Na hapo, kwa uaminifu, hadubini imefika karibu na mwisho wa maneno yake.

## Mashine isiyokata

Nimeulizwa kuhusu eksirei ya vipande, ile inayosoma mti mzima bila kuugusa. Kwa kinyago cha makumbusho au zumari la zamani ambalo hakuna atakayekuruhusu ulitoe kibanzi, ni neema. Lakini fanya hesabu kabla ya kulipia. Kihisi chenye pikseli 2,000 kwa upana kikitazama kitu cha milimita 10, kila nukta ni mikrometa 5. Mirija utaiona, mpangilio wa parenkima utauona, miale utaiona. Kishimo cha mikrometa 5 hakipo. Weka kitu cha milimita 30 na nukta inakuwa mikrometa 15, ambapo mwale wa seli moja unazama. Ule usemi kwamba mashine hii inaona kila kitu bila kukata ni wa kweli kwa vitu vidogo tu, na ukishakubali kukata kidogo, wembe umeizidi mashine.

## Mkaa

Kuna sampuli ngumu ambayo haihitaji kulainishwa wala kukatwa, nayo ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika nchi zetu.

Mkaa huvunjwa kwa mkono. Chukua kipande cha milimita 5 na kuendelea, kivunje kwa vidole kwa kukingamisha, utapata uso wa kichwa uliong'aa bila hata kuguswa. Kisha kwaruza mstari kwa wembe kwenye uso huo kufuata mwale, gonga taratibu, kitapasuka na kutoa uso wa mwale. Fanya vivyo hivyo kwa kukingamisha mwale upate uso wa mgongo. Visimamishe kwenye udongo wa kuchezea wa watoto au kwenye kisahani cha mchanga laini. Hadubini iwe ya mwanga unaotoka juu, mara 50 hadi 500. Usipulize vumbi kwa mdomo, maana vumbi la mkaa ni baya kwa mapafu. Tumia mpira wa kupulizia lenzi.

Kwa hadubini ya elektroni mkaa una heri yake: uliopikwa kwa joto kali hupitisha umeme wenyewe, na mara nyingi hauhitaji dhahabu.

Shida iko kwenye vipimo. Moto husinyaza mti, hasa kwa upana, na kiasi cha kusinyaa hubadilika kwa joto, kwa unyevu wa kuni na kwa mahali kipande kilipokuwa ndani ya tanuri. Kipenyo cha mrija kilichopimwa kwenye mkaa hakiwezi kulinganishwa na cha kwenye kitabu kilichopimwa kwenye mbao. Anayetofautisha spishi mbili kwa mikrometa 20 za kipenyo cha mkaa anapima tanuri. Sifa zinazobaki salama ni za mpangilio: mirija iko peke yake au kwa safu, mwale una seli ngapi kwa upana, bamba la mwisho wa mrija lina tundu moja au lina ngazi, vishimo vina vijichunusi au havina.

Na hata hapo, miombo hunyamazisha watu. Brachystegia na Julbernardia zinafanana mno ndani. Kwenye gunia la mkaa, kuandika «miombo, Brachystegia au Julbernardia» ni jibu zima, wala si jibu nusu.

Gunia lisisomwe kwa kipande kimoja, vilevile. Mchoma mkaa hupanga tanuri kwa miti aliyoipata. Chukua vipande kutoka juu, katikati na chini, uvisome vyote kabla ya kuandika chochote.

## Mchu unajitaja

Ili nisionekane ninasifia mashine za bei kubwa, niseme habari ya boriti.

Boriti za nyumba kongwe za mwambao zinatoka mikokoni. Zikishakaa miaka mingi chini ya dari, zimepigwa chokaa na moshi, kwa nje zote ni rangi moja. Kata uso wa kichwa, usawazishe kwa wembe, mwaga tone la maji. Mchu, Avicennia marina, utaujua kwa lenzi ya mkononi: una mikanda inayorudiarudia ya tishu laini ya kupitisha chakula iliyozamishwa ndani ya mti wenyewe, jambo ambalo miti mingi huliweka chini ya gome tu. Mkoko, msinzi na mkandaa ni wa ukoo mmoja na hujitambulisha pamoja kwa bamba la ngazi kwenye mwisho wa mirija, linaloonekana kwenye uso wa mwale kwa hadubini ya kawaida ya shule. Mkomafi na msikundazi hawana ngazi hiyo. Tundu lao ni moja, wazi.

Kutenganisha mkoko na msinzi na mkandaa ndiko kwenye kazi. Lakini kama swali ni «hii ni boriti ya mkoko au ni mchu?», hadubini ya elektroni haina la kuongeza.

Mbao zilizolala baharini ni habari nyingine, na pwani yetu inazo. Mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, yalichimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Mti wa namna hiyo unaonekana mzima hadi uuguse. Bakteria wamekula selulosi na kuacha kiunzi cha lignini, kile kinachoupa mti ugumu, kilichojaa maji. Ukiuacha ukauke kwenye meza, kiunzi huporomoka na hakuna atakayekirudisha. Ubaki ndani ya maji, ugandishwe, ukatwe ukiwa barafu. Vichujio vya polaroidi vitakuonyesha hali yake: ukuta wenye selulosi unang'aa, ukuta ulioliwa unabaki giza. Sehemu ya giza isisomwe kwa vishimo, kwa kuwa vilivyopo ni matundu ya bakteria waliokula.

## Jina likomee wapi

Turudi kwenye kibanzi.

Dalbergia ina spishi nyingi, na anatomia haizitenganishi zote. Ninaweza kusema kibanzi hiki kinaafikiana na D. melanoxylon: weusi wake, uzito wake, mirija midogo, miale ya seli moja hadi mbili. Siwezi kusema hakiwezi kuwa spishi nyingine nyeusi ya jenasi hiyohiyo kutoka Madagaska. Na siwezi kabisa kusema mti wake ulikunywa maji ya mto gani. Mti hauandiki nchi yake kwenye kuta za seli.

Kwa muda mrefu nilidhani huu ni udhaifu unaotupasa kuuficha kwa maneno. Kilichonibadilisha mawazo ni sheria yenyewe. Tangu 2 Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeiweka jenasi nzima ya Dalbergia kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambavyo biashara yake hutaka kibali, isipokuwa D. nigra ya Brazil ambayo tayari ilikuwa kwenye Kiambatisho cha I, kilicho kikali zaidi. Sababu mojawapo ni hiihii: afisa wa forodha hawezi kutenganisha spishi. Novemba 2022, huko Panama, mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika iliingizwa kwa jenasi vilevile. Sheria imeteremka hadi pale hadubini ilipo. Neno «Dalbergia» likithibitishwa vizuri, linatosha kumwuliza mwenye shehena kibali chake.

Maelezo ya mkataba nayo yasomwe. Bidhaa zilizokamilika za Dalbergia zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja hazihitaji kibali cha CITES, na tangu 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa. Kinyago kimoja kwenye sanduku la msafiri ni jambo moja. Makasha ya vinyago, au vipande vya klarineti vilivyokatwa lakini havijatobolewa, ni jambo lingine.

Na kwa Diospyros mambo yamegeuka: zilizoorodheshwa mwaka 2013 ni zile za Madagaska, kwa nchi. Hapo jibu la jenasi halitoshi na hadubini haina jingine. Anayeandika «Diospyros ya Madagaska» kwa kutazama seli peke yake ameandika asichokiona.

Kuna njia za kuendelea mbele. Upimaji wa uzito wa molekuli, kama unaotumika katika maabara ya upelelezi wa wanyamapori ya Marekani iliyoko Ashland, Oregon, husoma kemikali za kibanzi kwa sekunde chache na kuzilinganisha na sampuli zinazojulikana. Vinasaba vinaweza kufika hata kwenye eneo, ingawa moyo wa mti ni seli zilizokufa siku nyingi na DNA yake imekatikakatika. Kipande cha weupe wa nje, karibu na gome, ni bora mara nyingi zaidi. Zote mbili zinataka ile nusu iliyobaki kavu.

## Droo ya sampuli

Njia zote hizi, ya wembe na ya elektroni, ya kemia na ya vinasaba, zinasimama juu ya kitu kimoja: kipande cha mti ambacho jina lake halina shaka. IAWA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa anatomia ya mbao, kilitoa mwaka 1989 orodha ya sifa 163 za mbao za majani mapana, na hifadhidata ya InsideWood imejengwa juu ya orodha hiyo. Mkusanyiko wa Madison, Wisconsin, Marekani, una vipande zaidi ya 100,000. Tervuren, Ubelgiji, kuna makumi ya maelfu, vingi vikitoka Kongo. Hata kamera mpya zinazosoma uso wa kichwa kwa programu, kama XyloTron, zinajua kile tu zilichofundishwa kutoka kwenye droo kama hizo.

Inaniuma kwamba mti wa Kilwa au wa Tabora hulinganishwa mara nyingi na kipande kilichochukuliwa zamani na kuwekwa mbali sana, kikiwa na neno moja la mahali: «Tanganyika».

Kukusanya sampuli inayofaa si kazi ya mashine. Kipande kitoke kwenye shina, kimo cha mita 1.3, siyo kwenye tawi wala mzizi, kwa sababu mirija ya huko ni tofauti. Kiwe na moyo na weupe wa nje pamoja. Mti huohuo utoe matawi yenye majani, na maua au matunda kama yapo, yakaushwe na kupelekwa kwenye hifadhi ya mimea, na namba iliyo kwenye majani iwe ndiyo namba iliyochorwa kwenye mti. Andika majiranukta ya GPS, tarehe, udongo, na jina wanaloliita wenyeji kwa lugha yao. Chukua miti mitano ya spishi moja kutoka mahali patano kabla ya kuchukua spishi tano kutoka mahali pamoja, kwa sababu bila kujua mti unatofautiana kiasi gani na ndugu yake mwenyewe, huwezi kujua kama umetofautiana na jirani.

Ripoti ya kibanzi inasomeka hivi: «Dalbergia sp. Anatomia inaafikiana na D. melanoxylon. Miale ya safu, vishimo vyenye vijichunusi, fuwele kwenye minyororo ya parenkima. Spishi na asili havikuthibitishwa kwa njia hii.» Chini yake kuna mstari mmoja zaidi: nusu ya kibanzi imehifadhiwa kavu, haijachemshwa, bahasha imefungwa.